Njia ya Kajaga: Kinachopangika kipangwe, akiba ibaki kwa kisichopangika

Wapiganaji wa M23 walipoingia Uvira Desemba 10, 2025, Burundi ilifunga mpaka wake na Kongo upande wa Gatumba. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakikimbilia Burundi. Wiki zilizofuata waasi hao walitangaza kuuacha mji, lakini kwa wachuuzi wa barabara inayotoka Bujumbura, ikapita Kajaga na daraja la Rusizi hadi Gatumba, hesabu ilikuwa imeshaharibika. Mzigo ulionunuliwa haukuwa na pa kwenda, wadeni walikuwa upande wa pili, na mtaji ulianza kuliwa nyumbani.

Kajaga si mpaka. Ni mtaa wa ufukweni, magharibi mwa Bujumbura, kwenye barabara inayoelekea Kongo. Hata hivyo, anayefanya biashara kupitia hapo anafanya kazi katika nchi zaidi ya moja kwa siku moja. Asubuhi anazungumza Kirundi na muuza mboga, mchana anajibu maswali ya forodha kwa Kifaransa, na alasiri anapatana bei kwa Kiswahili cha Uvira ambacho si kile cha Kigoma wala cha Mombasa. Mfukoni ana faranga za Burundi, faranga za Kongo na dola.

Katika njia ya namna hii, wafanyabiashara wamegawanyika kwa mwelekeo. Wapo wanaopanga kila kitu: siku, saa, bei, gari na mahali pa kulala. Hao, mpango ukivunjika sehemu moja, wote huanguka. Wapo pia wanaosema watajua mbele kwa mbele, kwa kuwa mpaka hauna mwenyewe. Hao hulipa gharama kila safari kwa mambo ambayo wangeweza kuyajua wakiwa nyumbani.

Ukiitazama kwa makini njia ya Kajaga, yapo mambo mengi ya ugenini yanayojulikana mapema na yanastahili kupangwa hadi mwisho. Yapo machache ambayo hakuna ratiba inayoyaweza. Mwenye kuyamaliza ya kwanza nyumbani ndiye anayebaki na fedha, muda na utulivu wa kukabiliana na ya pili.

Kalenda, saa na barabara

Kalenda ndiyo rahisi kuliko yote, na ndiyo inayosahauliwa. Kongo huadhimisha uhuru wake Juni 30, na Burundi Julai 1. Mzigo unaotarajiwa kuvuka siku hizo una hatari ya kulala siku mbili mfululizo. Oktoba Burundi ina siku mbili za kitaifa: tarehe 13 ya kumkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore, na tarehe 21 ya Rais Melchior Ndadaye. Januari 16 na 17 Kongo huwakumbuka Laurent-Désiré Kabila na Patrice Lumumba. Siku hizi hazibadiliki, na mwenye nyanya hana sababu ya kukutana nazo barabarani.

Kila Jumamosi asubuhi Burundi hufanya kazi za pamoja za jamii. Maduka hufungwa na usafiri husimama hadi kazi hizo zinapomalizika, kwa kawaida karibu saa nne. Mgeni anayefika na lori alfajiri ya Jumamosi akidhani atapakua mapema atakaa akilitazama soko. Anayelijua hilo hufika Ijumaa, au huondoka kwao akiwa amechelewa kwa makusudi.

Saa nayo ina hesabu yake. Burundi na mashariki mwa Kongo ziko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Anayevuka kutoka Manyovu kuingia Mugina saa yake ikionyesha saa mbili asubuhi, upande wa Burundi bado ni saa moja. Anaporudi hali inageuka: akitoka Burundi saa kumi alasiri, upande wa Tanzania tayari ni saa kumi na moja, na ofisi aliyoitegemea huenda inafunga. Madereva nao hukumbuka kwamba Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, wakati Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto.

Kwa wasafirishaji wadogo ipo amri nyingine. Tangu Machi 21, 2022, pikipiki, baiskeli na bajaji za biashara haziruhusiwi katika maeneo ya kati ya Bujumbura. Mchuuzi aliyezoea bodaboda ya Kigoma kumfikisha hadi mlangoni mwa duka lazima aweke kwenye hesabu yake gharama ya kuhamisha mzigo pembezoni mwa jiji. Ukosefu wa mafuta, ambao umeisumbua Burundi kwa miaka kadhaa, umefanya hata nauli ya gari kuwa jambo la kuulizwa siku hiyohiyo.

Karatasi nazo zinapangika. Kwa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000, upo utaratibu wa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Burundi imo katika Jumuiya tangu Julai 2007. Kongo ilikamilisha uanachama wake Julai 2022, lakini kujiunga huko hakukufuta siku hiyohiyo taratibu zake za forodha. Kwa hiyo mfanyabiashara asidhani kuwa karatasi iliyompitisha Kobero, kwenye mpaka wa Burundi na Tanzania, itampitisha Kavimvira, upande wa Uvira, bila swali.

Majina ya mahali pia yamebadilika. Mwaka 2025 Burundi ilipunguza mikoa yake kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42. Ankara iliyoandikwa jina la mkoa wa zamani inaweza kumchelewesha mwenye mzigo kwa kosa ambalo dakika mbili za kuuliza zingelizuia.

Kuuza ni kununua

Katika njia hii, lugha ndiyo sehemu ambayo mzungumzaji wa Kiswahili anajiamini kupita kiasi. Kwa kuwa pande zote zinazungumza Kiswahili, anadhani hana la kujifunza.

Mfano mmoja unatosha kumtahadharisha. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, "kuuza" ni kununua. Anayetoa bidhaa na kupokea fedha "anauzisha". Si kwamba wamekosea. Mpangilio huohuo umo katika Kirundi, ambako kugura ni kununua na kugurisha ni kuuza. Sasa mtu wa Kigoma akituma ujumbe Uvira kwamba "nauza magunia kumi", anayeusoma anaweza kuelewa kuwa jamaa anatafuta magunia kumi, akamtafutia. Siku ya kukutana kila mmoja amekuja na mzigo na hakuna aliyekuja na fedha.

Kirundi chenyewe kina mtego wa namna yake. Neno "ejo" lina maana ya jana na pia ya kesho. Kitenzi ndicho kinachotofautisha. Mgeni aliyeokota maneno machache, akisikia "ejo" katika habari ya mzigo, hawezi kujua kama mzigo ulifika jana au utafika kesho. Kwa mwenye samaki wabichi, siku mbili hizo ni tofauti kati ya faida na harufu.

Samaki wenyewe hubadili majina. Anayeitwa mgebuka Kigoma ni mukeke Bujumbura. Agizo la simu linalotaja jina moja tu linaweza kumfanya muuzaji aseme hana, wakati kapu limejaa mbele yake.

Adabu ya fedha nayo hutofautiana. Kongo hutumia dola katika biashara za kila siku, lakini noti ya dola iliyochanika hata kidogo au iliyochakaa hukataliwa, ingawa noti za faranga za Kongo hupokelewa zikiwa zimechoka. Mfanyabiashara anayetoka Dar es Salaam na noti zilizokunjwakunjwa anaweza kujikuta na fedha halali asizoweza kutumia. Dawa yake ni kuzikagua noti kabla ya kuondoka, moja baada ya nyingine.

Upo pia mwenendo wa mazungumzo. Bujumbura, kuanza na bei kabla ya salamu ni ukavu. Anayetanguliza "amahoro" na kuulizia nyumbani hajapoteza muda, kwa kuwa muuzaji anapima kama huyu ni mtu wa kurudi au wa kupita. Uvira, muuzaji wa kike huitwa mama na wa kiume papa, hata na mnunuzi wa umri wake. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, na mpakani ulimi uliojikwaa hupandisha bei.

Pale ratiba inapoishia

Baada ya hayo yote kupangwa, yanabaki yasiyopangika. Miaka michache iliyopita imetoa mifano ya kutosha.

Mei 2023, Burundi ilishusha thamani ya faranga yake, na bei rasmi ya dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi. Juni mwaka huohuo, Benki Kuu ikatangaza kuziondoa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000, na kutoa siku 10 tu za kuzirudisha benki. Mchuuzi aliyekuwa ameweka akiba yake kwa noti hizo Uvira au Kigoma, bila akaunti Burundi, alipaswa kukimbia au kuhesabu hasara. Kufikia 2024 dola kwa wabadilisha fedha wa mitaani ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei rasmi, na aliyepanga faida yake kwa bei ya benki alikuwa anapanga kwa tarakimu zisizopatikana sokoni.

Januari 11, 2024, Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Safari ya Bujumbura hadi Kigali iliyokuwa ya siku moja ikawa ya kuzunguka kupitia Tanzania, na hadi mwaka 2025 unaisha mpaka huo ulikuwa haujafunguliwa. Kisha ikaja Desemba ya Uvira.

Maji yanaonyesha tofauti ya mambo hayo mawili vizuri zaidi. Ziwa Tanganyika hupanda taratibu. Mto unaolitoa maji ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kalemie, hivyo likijaa huchukua muda mrefu kupungua. Mwaka 2024 maji yalikaribia viwango vilivyokumbukwa tangu miaka ya 1960, yakaingia katika maeneo ya ufukweni ya Bujumbura, Kajaga ikiwemo, na pia Uvira. Lakini yalionekana yakipanda kwa miezi. Mwenye ghala karibu na ufuko alikuwa na nafasi ya kuhamisha.

Mto Rusizi hauna subira hiyo. Aprili 2020 ulivunja kingo zake na kuifunika Gatumba, na maelfu ya watu wakapoteza makazi. Aliyelala na magunia sakafuni aliamka magunia yakiwa majini. Ziwa linataka mpango na mto unataka wepesi, na vyote viwili viko kwenye barabara moja, kilomita chache kutoka Kajaga.

Bei ya akiba

Ushauri wa kawaida ni kwamba mchuuzi asivuke na mtaji wote. Ni ushauri mzuri unaotolewa mara nyingi na watu wasioulipia.

Tuchukulie mchuuzi ana dola 400, na kila safari inampa faida ya asilimia 10. Akivusha zote anapata dola 40. Akivusha 250 na kuacha 150 nyumbani, anapata 25. Katika safari kumi zilizopita salama, tahadhari imemgharimu dola 150, ambazo kwa mwenye watoto shuleni ni ada. Ndiyo maana wengi huvusha zote.

Hesabu inabadilika siku mpaka unapofungwa na mzigo kuoza au kubaki upande wa pili. Faida ya safari kumi za nyuma imeshaliwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba na chakula. Kilichobaki ni mtaji. Wa kwanza hana kitu, na atarudi sokoni kwa mkopo wa riba au asirudi kabisa. Wa pili ana dola 150 na anaweza kuanza kesho yake na bidhaa nyingine upande wake wa mpaka. Akiba, kwa hesabu hii, haimpi mtu utajiri. Inamwezesha kuendelea kuwa mfanyabiashara.

Kwa wasioweza kuacha fedha zimelala, zipo njia nyingine za kupata nafasi hiyo. Kuvusha mizigo midogo mara nyingi badala ya mkubwa mara moja hupunguza kinachoweza kukwama. Kuchanganya bidhaa zinazooza na zisizooza, mboga pamoja na sabuni au vitenge, humwachia mtu kitu cha kuuza hata akichelewa wiki. Vyama vya kuzungushiana fedha, ambavyo Watanzania huviita upatu na Wakongo likelemba, vinaweza kukubaliana kuwa mwenye kukwama mpakani apewe zamu yake kwanza.

Wanaofanya biashara ya dagaa wana mfano wa karibu. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ilitangazwa kabla. Waliojiandaa waligeukia bidhaa nyingine kwa miezi mitatu. Anayejua kubadili bidhaa kwa sababu ya kalenda tayari ana ujuzi wa kubadili kwa sababu ya dharura.

Mtu wa upande wa pili

Kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote katika dharura hakinunuliwi siku ya dharura. Ni mtu anayeaminika upande wa pili: wa kupokea mzigo na kuuweka pakavu, wa kukusanya deni na kulituma kwa simu, wa kusema mapema kuwa leo askari wameongezeka daraja la Rusizi na afadhali kungoja.

Uhusiano huo una gharama zake, nao ni sehemu ya mpango. Unajengwa kwa kuhudhuria msiba, kupeleka zawadi mtoto anapozaliwa, kulipa deni dogo kwa wakati hata pale ambapo lingeweza kungoja. Mgeni anayehesabu kila faranga anaweza kuziona kama fedha zilizopotea. Lakini mpaka unapofungwa, ratiba yake haina namba ya kupiga, na jirani yake aliyekwenda msibani anayo.

Uhusiano huo una mipaka yake pia. Desemba mtu wa Uvira naye alikuwa anakimbia, pengine kuelekea Gatumba na barabara hiyohiyo ya Kajaga. Siku hiyo mfanyabiashara wa Bujumbura hakuwa na mtu wa kupokea mzigo. Alikuwa na mtu wa kumpokea. Undugu wa biashara unaokwenda upande mmoja tu haudumu hadi mpaka utakapofunguliwa.

Sehemu ya serikali

Si haki kumwachia mchuuzi mzigo wote wa kubadilika. Ni kweli kwamba serikali zina sababu za kiusalama ambazo hazipuuzwi. Gatumba ni mahali ambapo zaidi ya wakimbizi 150 waliuawa Agosti 13, 2004, na ambapo shambulio la Desemba 22, 2023 liliua watu 20. Burundi ililihusisha shambulio hilo na Rwanda, Rwanda ikakanusha, na wiki chache baadaye mpaka kati yao ukafungwa. Hakuna mfanyabiashara anayeweza kudai mpaka ubaki wazi risasi zinapolia.

Lakini maamuzi mengi yanayovunja mipango ya wachuuzi si ya saa za risasi. Kubadili noti, kupandisha tozo, kubadili karatasi inayodaiwa au saa za kufunga ofisi ni mambo yanayoamuliwa mezani na yanaweza kutangazwa kwa muda wa kutosha. Yakitangazwa kwa Kifaransa pekee, kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya ofisi, yule anayehusika zaidi ndiye wa mwisho kuyajua. Tangazo la Kirundi na Kiswahili kwenye redio zinazosikika pande zote za ziwa lingegharimu kidogo.

Hata mpaka unapofungwa kwa dharura, ipo nafasi ya utaratibu. Siku moja au mbili za kuruhusu mizigo inayooza irudi au imalizie safari, chini ya ulinzi, zingeokoa mitaji ambayo hakuna mfuko wa serikali utakaoifidia. Jumuiya imetumia miaka mingi kujadili vikwazo visivyo vya kiforodha. Kwa mwenye kapu la mukeke, kutojua ni kikwazo kikubwa kuliko ushuru, maana ushuru angeuingiza kwenye bei.

Hadi hapo serikali zitakapofanya sehemu yao, kazi inabaki mikononi mwa wanaopita Kajaga kila wiki. Wanaweza kuanza na yaliyo ndani ya uwezo wao: kuuliza sikukuu, kukagua noti, kuthibitisha kama "nauza" ina maana moja kwa wote wawili, na kuacha kitu nyumbani. Msimu wa masika unaleta maji ya Rusizi, na habari za Uvira zinaleta yake. Anayeondoka alfajiri akiwa hana tena la kuuliza kuhusu kalenda na karatasi ana nafasi ya kusikiliza vizuri habari za njiani, na ujasiri wa kugeuza gari kabla ya daraja.